Mtu Aliyesimama Chini ya Mlima

Mawaleh, Maskati
Ijumaa, 20 Novemba 1998

Dada yangu Muhsina,

Assalamu alaykum warahmatullah. Kabla sijakuuliza hali nakuomba radhi. Barua yako ya mwezi wa tano nimeipata, na kifurushi cha nguo za Fajr nimekipata, na mpaka leo sijakujibu hata neno. Nguo zilikuwa nzuri. Nasema zilikuwa kwa sababu hazimwingii tena, amezivaa mpaka zimekuwa fupi na mie bado sijakushukuru. Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza Safwan aliimwagia chai, hizo nyengine nimezichana mwenyewe, na sababu utaiona ukifika mbele. Najua umenuna. Nuna kidogo, halafu usome.

Vipi hali yako, na shemeji mguu wake umepoa? Watoto wamefanya mitihani? Kisima cha uani kimesafishwa au bado mnamngoja yule fundi wa maneno? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Joto limeondoka, sasa mtu anaweza kufungua dirisha asijute. Fajr ana miezi minane na meno mawili, na hayo mawili anayajaribia kwangu. Safwan kesha timiza miaka mitatu, hasemi ila kwa kuamrisha. Mie nimekonda, lakini usiogope, si ugonjwa, ni usingizi tu ndio sina. Ghanim yuko pale pale kazini kwake, idara ya kupima ardhi, na nyumbani yupo pia. Habari yake ndefu.

Niliwahi kukutajia Mwingereza mmoja, Winifred Askham, ambaye sisi tunamwita Bi Wini. Ni mwalimu wa skuli, anakaa Madinat Sultan Qaboos, lakini roho yake yote iko kwenye kuchora. Hachori sura za watu wala maua. Anachora nchi: mlima, wadi, yaani bonde la mto uliokauka, mitende iliyo mbali, kivuli cha wingu juu ya mawe. Alikuja Maskati na mumewe, injinia, mume akafa kwa moyo mwaka wa pili, yeye akabaki. Akawa anahitaji mtu wa kumpeleka kule ndani ambako barabara zinakwisha, na Ghanim kwa kazi yake anazijua wadi kama wewe unavyovijua vichochoro vya Malindi hapo kwenu. Basi kwa miaka miwili, kila Alkhamisi, ambayo kwetu huku ndiyo siku ya mapumziko, Ghanim alikuwa akiondoka alfajiri kumpeleka Bi Wini kuchora. Akirudi magharibi viatu vimejaa vumbi na mdomo umejaa Bi Wini.

Maisha ya mwanamke yule nayajua kuliko ya mama mkwe wangu. Kazaliwa kwenye kijiji cha milima kaskazini ya Uingereza, mvua siku zote, baba yake akiuza chakula cha kondoo. Maonyesho yake ya mwanzo yalikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, picha zimetundikwa kwenye mbao za skuli, na iliyouzwa ni moja, kainunua shangazi yake. Kuna maonyesho makubwa London kila mwaka, mtu anapeleka picha na wakubwa wanachagua. Kapeleka miaka kumi na moja, zikirudi zote, nyuma zimepigwa alama ya chaki. Mwaka wa kumi na mbili wakaichukua moja, wakaitundika juu karibu na dari hata baba yake mzee ikabidi aambiwe ni ipi. Baada ya hapo akaonyesha huku na kule, siku zote pamoja na wenziwe wanne watano, hajapata hata siku moja kuwa na ukuta wake peke yake. Alipofika Oman akalia, maana sanduku lake la rangi lilikuwa na kijani namna saba na hudhurungi moja tu. Haya yote, dada, nimeyasikiliza nikipika, nikikunja nguo, nikinyonyesha. Siku moja nikamuuliza Ghanim kama anajua mie nilisoma mpaka darasa gani. Akafikiri sana, akasema la nane. Fomu ya pili, Muhsina. Wewe unajua nilivyoililia ile skuli.

Utacheka, utasema mwanamke wa miaka hamsini na mbili, miguu mikavu kama ya korongo, Zakiya, unamwonea wivu? Nnamwonea. Si kwa uzuri. Huyu anaondoka na kopo la maji na brashi tano, anakaa juu ya jiwe, na dunia inamngoja amalize. Mie nikikaa, mtu analia. Mama mkwe, Bi Wadha, alikuwa akinitania kwamba mawe yote haya Mungu kayatupa bure na mzungu anayabeba nyumbani, nimwachie mawe yake. Jirani yangu Balqees yeye hakutania. Alisema mzungu hachori asichokipenda, na neno lile likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Maana Bi Wini alikuwa ameanza kuchora mtu. Miaka thelathini kachora nchi bila ya kiumbe, ghafla chini ya kila mlima pakawa na mtu mdogo kama punje ya mchele, kanzu nyeupe, kofia. Ghanim alinionyesha mwenyewe, kwa ncha ya kidole kidogo, uso umemng'ara. Akasema, "Huyo mimi."

Fajr unajua alizaliwa Alkhamisi, tarehe tano Machi. Uchungu ulinianza baada ya alfajiri, Ghanim kesha ondoka. Bi Wadha ndiye aliyenipeleka hospitali, na gari ilikuwa ya mume wa Balqees. Ghanim kaja alasiri, mtoto kesha oshwa, akasema gurudumu lilipasuka ndani ya wadi na hakukuwa na mtu wa kumsaidia. Nikamsamehe. Gurudumu ni gurudumu.

Mwezi wa nne Bi Wini akapata alichokitaka maisha yake yote. Ukumbi mdogo wa hoteli, siku kumi, jina lake mlangoni, peke yake. Picha ishirini na mbili. Na ile kubwa kupita zote, mlima wa njia ya Nakhal asubuhi, kampuni moja ya meli ilikuwa imeshamwambia inaitaka, waitie na kwenye kalenda yao ifike mpaka Uingereza. Sasa nyumba yake ilikuwa inapakwa rangi, vumbi tupu, ndiyo Ghanim akajitolea picha zikae kwetu wiki mbili, kisha mtia fremu azichukue na kuzitundika mwenyewe. Zikapangwa kwenye majlis, sebule yetu ya wageni, zimeegemea ukuta ulio chini ya eisi, ile mashine ya kutia baridi. Mie arubaini ilikuwa ndiyo kwanza inaisha.

Siku ya kufungua nilikwenda na Fajr mkononi. Huko picha iliyonunuliwa hubandikwa kinukta chekundu pembeni, na kabla ya watu kumaliza juisi zao palikuwa na vinukta saba. Lakini kwenye ile kubwa watu walikuwa wakisogea na kurudi nyuma. Chini ya mlima, pale alipokuwa amesimama mtu, palikuwa na doa jeupe. Bwana wa kampuni alisimama mbele yake muda mrefu. Ghanim alimsikia akimwambia mwenziwe kwamba mlima unafanana na lundo la kokoto, na chini yake mtu kamwaga sabuni. Wakaondoka hata kahawa hawakunywa.

Bi Wini hakupiga kelele. Alimuuliza Ghanim mbele za watu picha zilikaa wapi. Ghanim akajibu, chini ya eisi. Bi Wini akasema kwa Kiarabu chake kile cha kuungaunga, "Uliniambia ni pakavu." Basi. Maonyesho yalipokwisha akamtumia barua kwamba ameshapata dereva mwengine, na kiangazi akaenda kwao.

Basi mume wangu akaingia vita na eisi. Kaifungua, kaisafisha, kaiziba. Kaleta fundi wa kwanza, fundi akasema haivuji. Kaleta wa pili, naye akasema hivyo hivyo. Wa tatu akamwambia hilo si tatizo la eisi, ni tatizo la mwenye eisi. Ghanim akaapa haitawashwa tena, na kiangazi chote cha Maskati, ambacho ukitoa mkono nje unadhani umeutia ndani ya tanuri, majlis yetu ilikaa bila ya baridi. Bi Wadha alikuwa akija kututembelea anakaa jikoni. Na Alkhamisi nikampata mume nyumbani, kama nilivyokuwa nikiomba. Alikaa mbele ya televisheni, kazima sauti, anatazama. Ukimwita anageuka taratibu kama mtu aliyeitwa jina la mwengine.

Dada, eisi haikuvuja hata tone.

Ilikuwa Jumatatu baada ya adhuhuri, watoto wote wawili wamelala kwa pamoja, jambo linalotokea mara moja kwa mwezi. Badala ya kulala nami nikaingia majlis kumtazama mume wangu kwenye karatasi. Sijui nilitaka nini. Nikaigeuza ile picha kubwa. Bi Wini ana desturi, nyuma ya kila picha anaandika kwa penseli mahali, siku, na saa aliyoanza na aliyomaliza, maana anasema kivuli cha saa nne si kivuli cha saa saba. Pale pameandikwa: tarehe tano Machi, saa nne mpaka saa saba. Fajr kazaliwa saa sita na robo. Hakuna gurudumu lililopasuka. Wakati mie nimeshika kitanda cha chuma nikimwita, yeye alikuwa amesimama chini ya mlima anachorwa.

Begani nilikuwa na kitambaa, kile cha kumfutia mtoto maziwa, kibichi. Nikakikunja ncha nikamgusa. Rangi za maji zinatoka kwa upole, Muhsina, kama vumbi. Kofia ikaenda, kanzu ikaenda, kivuli chake kikaenda. Alikuwemo kwenye picha tisa na nilikusudia kuwamaliza wote tisa. Fajr akalia, nikaenda kumnyonyesha. Hayo ndiyo yaliyoziokoa zile nane, si imani yangu.

Sasa unajua kwa nini nilikuwa nikizichana barua. Ningekuandikia nini? Kwamba sote wazima? Kila Ijumaa nilikuwa nikimwona mume wangu juu ya kiti na bisibisi anatafuta kosa langu ndani ya mashine, jasho linamtiririka, na mie nikimpa maji ya kunywa. Hata kumchukia vizuri sikuweza tena.

Mwezi uliopita nikasikia Bi Wini amerudi. Nikachukua teksi, mie na Fajr, Safwan nikamwachia Balqees, nikaenda Madinat Sultan Qaboos nikagonga mlango. Nilimweleza kwa Kiingereza cha fomu ya pili, na pale kilipokwisha nikatia Kiarabu, na pale Kiarabu kilipokwisha nikamwonyesha kwa kitambaa chenyewe juu ya meza. Akakishika kitambaa, akakibinya. Kisha, unajua aliniuliza nini? Aliniuliza kitambaa kilikuwa kibichi kiasi gani.

Akaingia ndani akaileta ile picha. Alikwenda nayo mpaka Uingereza na kurudi nayo. Kajaribu mara mbili kumrudisha yule mtu, haiwezekani, karatasi imechubuka, haishiki rangi. Akanieleza kwamba mtu yule hakuwa mapenzi wala chochote. Ni kipimo. Milima ya kwao ina kondoo na kuta na nyumba, jicho linajua ukubwa. Ya kwetu ni mawe matupu, na pasipo na mtu chini yake, mlima wa futi elfu nne na lundo la kokoto la mjenzi ni kitu kimoja. Ndiyo akamwomba Ghanim asimame. Nikaigeuza picha nikamwonyesha penseli yake, nikamwonyesha na mtoto. Akasoma, akamtazama Fajr, akasoma tena. Alikuwa hajui. Ghanim hakumwambia kama mkewe yuko karibu kuzaa, wala kama ana mimba. Akakaa chini, uso umemgeuka rangi.

Lakini usidhani alinikumbatia. Alisema miaka thelathini kangoja ukuta wake mwenyewe, na mie nimeutoboa kwa kitambaa cha maziwa. Akasema, "Sikusamehe leo." Akanichemshia chai, akaniita teksi, akanibebea mkoba wa mtoto mpaka chini. Akasema Ghanim nimwambie mie, yeye hatamwambia.

Nilimwambia usiku ule ule, watoto wamelala. Kwanza hakuamini, akaenda kuitazama eisi. Kisha akahamia kwa mama yake Bawshar siku mbili, na Bi Wadha, Mungu ampe umri, alimpa chakula lakini hakumpa maneno mazuri. Aliporudi nilimuuliza kuhusu gurudumu. Akasema aliniacha nimelala, akadhani siku bado, na aliposikia mtoto kaja bila yake akaona aibu, akatunga. Nikamuuliza kwa nini hasa alikuwa akikimbilia kule kila wiki, ikiwa si mapenzi. Dada, alisema jambo ambalo sikulitarajia kwa mwanamme mzima. Alisema, "Kule kuna mtu ananitazama saa tatu, na hanitumi kitu."

Nikamjibu kwamba mie nimemzaa mwanawe huku nikitazama mlango. Asubuhi akaiwasha eisi ya majlis.

Na Bi Wini? Wiki ya pili kaja mwenyewe kwa gari yake, na kofia yake ile kubwa, akasimama mlangoni. Akasema nimemwondolea mtu wake na yeye anataka mtu. Yule dereva mpya hawezi kusimama, anakuna mguu kila dakika. Mwakani mwezi wa sita ana maonyesho kwao, kwenye mji wa karibu na kijiji chake, ukumbi mzima. Mlima ule ule ataurudia, na atakayesimama chini yake ni mie. Hiyo ndiyo haki yake na hatapunguza. Nikamtazama Ghanim. Nikasema nitasimama, uso nitaupa mlima, na mwenye kukaa na watoto ni baba yao.

Tumeshakwenda mara mbili. Wao wanabaki juu barabarani, mie nashuka peke yangu mpaka kwenye mawe, nasimama. Saa tatu, Muhsina. Saa tatu hakuna aliyeniita mama. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe, kitu ambacho sijakifanya tangu Safwan azaliwe. Mara moja nikageuka nikamwona Ghanim kule juu, mdogo, Fajr begani analia, Safwan kamning'inia kanzuni, na yeye kasimama ananitazama mie, hajui amwendee nani. Nikageuka tena nikautazama mlima. Sikuharakisha.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Ghanim akisema Bi Wini kasema hivi, bado moyo unanipiga. Na nimeanza kuwaonea wivu hata hao Waingereza watakaosimama mbele ya picha wakiwa na wasaa wao. Lakini sasa ni wivu wa mtu aliyemo, si wa mtu aliyefungiwa nje. Ukiweza kunielewa nielewe, ukishindwa niombee dua.

Nisalimie shemeji na watoto wote kila mtu kwa jina lake. Bi Wadha anakusalimu, Ghanim anakusalimu na anaona aibu, Safwan anaamrisha uje. Barua hii usimsomee mtu. Ramadhani inakuja, tuombeane.

Mdogo wako akupendaye,
Zakiya

Vitu ninavyohitaji bado ndivyo hivi, Awadh wa mjomba anasafiri kuja huku tarehe kumi Disemba na kaahidi kubeba kilo tano. Mbuzi ya kukunia nazi, meno tu, kiti Ghanim atachonga. Iliki robo kilo na kungumanga kumi, za shamba si za duka. Dawa ya mchango ya Fajr, kwa yule bibi wa Kikwajuni, chupa mbili, zifunge vizuri zisimwagike. Cheti changu cha fomu ya pili, kimo ndani ya sanduku la marehemu mama, nataka kukitundika. Na kanga za kisutu pea moja. Mara ya kwanza nilisimama na baibui jeusi, Bi Wini akaniambia natoka kama tobo kwenye karatasi, mara ya pili nikavaa kanzu ya kijivu, nikapotea kwenye mawe. Usiniletee cha rangi ya kupauka. Kiwe chekundu kweli kweli, kipya, chekundu ambacho mtu akiingia mlangoni kule Uingereza ataniona mie kwanza, halafu ndiyo aone mlima.